Kulabu Nne

Nyumba ya baba, Harlingen, ina upana wa mlango na dirisha moja.
Ngazi yake imesimama wima kama deni:
vidato kumi na vitatu, vyembamba,
kisigino hakina pa kulala.
Tangu zamani tunapanda kwa kushika kamba
iliyofungwa msumarini na mtu aliyekufa kabla sijazaliwa.

Novemba baba alikikosa kidato cha tisa.
Hakuvunjika. Alikaa chini, paja limepiga zambarau,
akasema kosa ni la paka.
Hatuna paka.

"Basi weka mshikio," alisema, "lakini uwe wa kutoka.
Kabati la mama yako litashuka siku moja,
na ngazi haina nafasi ya vyote viwili."
Hiyo siku moja ina miaka sita sasa.
Nikanyamaza. Chuma cha kudumu ni cha wazee,
na Wiebren Tolsma, miaka themanini na moja,
hajafika huko.

Nikapima. Futikamba haijui kumstahi mtu:
ukuta hadi ukuta, sentimita hamsini na nane;
kabati, hamsini na tatu.
Zimebaki tano,
na ngumi ya baba peke yake ni tisa.

Kazini nachora bawaba za milango ya meli.
Hili nikaliona la mchezo.
Kulabu nne, midomo ikitazama juu,
fimbo ya mwaloni ikae ndani kwa uzito wake.
Ukuta ni tofali moja tu; keekee ilipoingia
jirani akagonga upande wa pili,
nami nikagonga kumwomba radhi.

Jaribio la kwanza alipanda vidato vitatu
na fimbo ikatoka nzima mkononi mwake.
Akasimama ameishika,
kama wale vijana wa kwetu
wanaoruka mifereji kwa miti mirefu.

Nilikuwa nimechora mkono unaoegemea.
Baba haegemei. Baba huvuta.
Maisha yote amevuta: kamba za feri,
magunia ya vitunguu,
mimi, kutoka majini, nikiwa na miaka minne,
na sikuwahi kutazama mkono ule unakwenda upande gani.

Nikarudi mezani. Usiku wa tatu nikaigeuza midomo:
fimbo iingie, iteleze nusu shibiri kufuata mteremko,
ijifunge. Kadiri unavyojivuta kwenda juu
ndivyo unavyoikaza.
Kuitoa, uisukume kuelekea juu,
umesimama imara, huna haja nayo.
(Hilo la mwisho sikulipanga. Lilijitokeza kwenye hesabu.)

Jumapili moja ya Februari nikapita bila kupiga simu.
Ukuta mtupu.
Nikatazama chini kwanza, sakafu,
kisha vidato, kimoja kimoja.
Kumbe yuko sebuleni, shati limepigwa pasi,
na fimbo imelazwa chini ya dirisha,
pazia limeburutwa kuifunika, ncha ikichungulia.
"Froukje wa kwaya anakuja kunywa kahawa," alininong'oneza.
"Umeshukaje?"
"Kwa makalio."

Froukje akaingia na mvua yake.
Akavua koti la sufu, zito, linachuruzika,
akatafuta pa kuliweka, akalitundika
kwenye kulabu ya chini kabisa.
Nikaitazama. Haikulegea hata unywele.

Kikombe cha kwanza alizungumzia sauti ya pili
na mpiga kinanda anayekimbia.
Kwenye cha pili akaligeukia pazia.
"Mwaloni huo, Wiebren?
Mshikio wangu ni wa msonobari tu.
Na nimeukaza kwa skrubu."

Baba akamtilia sukari
ambayo hakuiomba.